Mwacheni Mtoto Aandike kwa Kushoto

Wazazi, walezi na walimu,

Shule zikifunguliwa Januari, watoto wengi watashika penseli darasani kwa mara ya kwanza. Katika kila kumi, mmoja hivi ataishika kwa mkono wa kushoto. Kwenye darasa la watoto 50, tarajieni watano. Ombi langu kwenu ni moja: asiwepo hata mmoja atakayechapwa vidole, kuchekwa au kulazimishwa kubadili mkono.

Mtoto hachagui mashoto. Mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na wa kulia huongozwa na upande wa kushoto. Jeni nyingi huchangia kuamua mkono upi utatangulia, pamoja na mambo mengine ya ukuaji. Ndiyo maana baba na mama wanaotumia kulia hupata mtoto wa mashoto, na hata mapacha wa kufanana huweza kutofautiana mikono. Hakuna aliyerogwa hapo, wala aliyedekezwa. La kumpeleka kwa daktari ni jingine: mtoto ambaye hajatimiza mwaka lakini anatumia mkono mmoja tu, au mkubwa aliyebadili mkono ghafla.

Najua mtakalosema. Kwetu hatuli kwa mkono wa kushoto, hatumpi mtu kitu nao, na mzee hapewi mkono huo. Sawa kabisa. Mila hiyo ina heshima yake, na kwa Waislamu kula kwa mkono wa kulia ni sunna. Mtoto wa mashoto afundishwe adabu hiyo kwa upole, kama wanavyofundishwa ndugu zake. Lakini kumega tonge ni kazi nyepesi. Kuandika kunataka vidole vitii kwa saa nyingi, huku akili ikisaka herufi na maana. Ukimnyima mtoto mkono anaoumudu umemtwisha mizigo miwili, kujifunza kuandika na kushindana na mwili wake. Hati itakuwa mbovu, kazi itachelewa, halafu tutamwita mzito. Daftari halina utovu wa adabu wa kuogopwa.

Tena kulazimisha hakuondoi mashoto, kunayaficha tu. Nchini Marekani, miongoni mwa waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, walioandika kwa kushoto walikuwa chini ya 5 katika kila 100. Shule zilipoacha kuwabana watoto, idadi ikapanda hadi 10 na zaidi. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alitia saini sheria za nchi hiyo kwa mkono wa kushoto. Na sisi, uwanjani, mchezaji wa mguu wa kushoto makocha humtafuta kwa tochi, na jukwaa zima humshangilia. Kwa nini mwenye mkono wa kushoto apewe bakora?

Walimu, msaada wenyewe hauna gharama. Mtoto wa mashoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari lisogezwe kushoto kidogo, liinamishwe hadi kona yake ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Kwa kuwa mkono wake unapita juu ya maneno aliyotoka kuyaandika, na wino mbichi unachafuka, penseli aishike mbali kidogo na ncha, na kiganja kikae chini ya mstari. Akipiga mstari kwa rula kutoka kulia kwenda kushoto, mwacheni, mstari ni uleule.

Wakuu wa vyuo, viti vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia vinamtesa mtu wa mashoto kwa saa tatu za mtihani. Mpeni meza ya kawaida. Mafundi cherehani, mwanagenzi wa mashoto akishika mkasi wa kawaida, mkono wake unayatenganisha makali badala ya kuyabana, na mstari wa kukatia hauoni vizuri. Kitambaa kikikunjika msimwite mvivu. Mikasi ya mashoto ipo, mtafutieni.

Na wewe mzazi, siku ya kumwandikisha mwanao mwambie mwalimu waziwazi: "Huyu anaandika kwa kushoto, na nyumbani tumeridhia." Waambie na bibi na babu, kwa maana karipio la nyumbani huuma kuliko la shule.

Kila tarehe 13 Agosti huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya watu wa mashoto. Tusiisubiri. Tumfundishe mtoto kula kwa kulia, na tumwache aandike kwa kushoto.