Mbwa wa Elton John walibweka

Februari 1987, gazeti la The Sun la Uingereza lilianza kumwandama mwanamuziki Elton John kwa tuhuma nzito za ngono. Shahidi mkuu wa gazeti hilo alikuwa kijana aliyelipwa pesa. Baadaye alikiri kwamba aliyatunga yote.

Miezi michache baadaye likaja la mbwa. Gazeti lilidai Elton amewafanyia upasuaji mbwa wake wa ulinzi wasiweze kubweka. Mbwa wenyewe walikuwa wazima, na walibweka vizuri tu. Ilitosha mwandishi kufika getini akasikiliza! Uzembe wa namna hiyo hauna utetezi.

Elton alilishtaki, na Desemba 1988 The Sun lilisalimu amri: likalipa pauni milioni 1 na kumwomba radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa. Hapo Elton alibahatika, maana wengi husafishwa kwa mistari miwili ukurasa wa ndani. Tena yeye alikuwa na fedha za mawakili; diwani au mwimbaji chipukizi aliyechafuliwa jina atazitoa wapi? Mhariri aliyeweka tuhuma ukurasa wa kwanza anapaswa kuweka masahihisho papo hapo, kwa ukubwa uleule, bila kusubiri kuburutwa mahakamani.