Yampasayo Mwanafunzi wa Motokaa

Kijana akipata kazi ya kwanza afisini, au mkulima akinunua pikapu ya kuchukulia maziwa na viazi, fikira ya leseni humjia upesi. Huuliza ni shule gani ya udereva iliyo nafuu, na ni siku ngapi hata mtu aitwe dereva. Maswali hayo si mabaya, lakini liko jingine lipasalo kutangulia: je, ni saa ngapi mwanafunzi atashika usukani yeye mwenyewe?

Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuendesha motokaa kabla ya kutimiza miaka 18. Anayejifunza sharti apate kwanza leseni ya muda; gari liwe na herufi L nyekundu juu ya kibao cheupe, mbele na nyuma; na kando yake aketi mtu mwenye leseni kamili. Mtihani husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Herufi hiyo ya L ni desturi iliyotoka Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima mwaka 1935.

Mafunzo huanzia mezani. Pana ubao uliochorwa mji mdogo, wenye njia panda, mzunguko wa barabara na mahali pa kuegesha magari. Mwanafunzi husukuma kigari cha mchezo kwa mkono, huku akieleza kwa sauti kila afanyalo: anatazama kioo, anatoa ishara, anawapisha watokao kuliani, anaingia. Ubao huo ni mwalimu mwema, na wanaoucheka hawajui faida yake. Ila wako wengi waukaririo kama shairi la shule, neno kwa neno, wakamridhisha mtahini. Kisha wakifika kwenye mzunguko wa kweli, penye matatu, bodaboda na mkokoteni wa maji, shairi lote huwatoka kichwani. Kwenye ubao hakuna mtoto avukaye bila kutazama.

Ubao hauwezi kufundisha mwendo pia. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza chasema kwamba motokaa iendayo kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 ili isimame, na iendayo kilomita 96 huhitaji mita 73. Hapo barabara ni kavu na breki ni nzima. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi mara tatu. Sababu ni kwamba dereva hutumia kitambo kwanza kuona na kufikiri, na gari halimngoji. Tena nguvu ya gari yenyewe huzidi mara nne mwendo uzidipo mara mbili. Mvua ikinyesha, mita hizo huongezeka sana. Mwanafunzi asiyepata kukanyaga breki kwa nguvu, mwalimu akiwa kando, atalijua jambo hilo siku mbaya.

Mkulima ana haja nyingine ambayo masomo ya mjini hayaigusi. Mwenye kushuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, pikapu imejaa magunia, akitegemea breki peke yake huzipasha moto hata zisishike tena. Yampasa aingize gia ya pili kabla ya kuanza kuteremka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Akingoja hata gari lishike kasi, kuibadili gia ni shida. Na katika kupanda, ajue kuondoka kilimani kwa breki ya mkono na klachi bila kurudi nyuma hata kidogo, kwani nyuma yake huenda yuko mwenye baiskeli.

Wako wasemao kwamba yote hayo mtu hujifunza mwenyewe akiisha kupata leseni. Ni kweli hujifunza, lakini huwa amejifunza juu ya watu wengine waliomo barabarani. Basi mwanafunzi asilipe fedha yote kabla ya kuuliza idadi ya masomo ya barabarani, na wanafunzi wangapi watapanda gari moja kwa zamu. Na kabla ya kwenda kwa mtahini, amwombe mwalimu ampeleke mtelemkoni siku moja, na siku nyingine wakati wa mvua.