Kamera Kubwa Hupiga Picha za Kabatini

Mjomba alinitazama mikono, akanizunguka kidogo kuangalia mgongoni, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeanza kuingiwa na wasiwasi: "Mjomba, kamera iko wapi?" Nikaitoa kwenye mfuko wa suruali. Akaigeuza kiganjani mara mbili, akanirudishia kama anayerudisha chenji pungufu. "Hii si ya watoto hii?" Ilikuwa sendoff ya binti yake, huko Tabata. Karibu na jukwaa alisimama kijana mwenye kamera shingoni na lenzi ndefu kama chupa ya chai, na kila mzee aliyepita alimwita bosi. Mimi hata soda niliipata mwisho.

Simlaumu mjomba. Alisema kile ambacho karibu kila mtu anaamini: kwamba kamera ni ile kubwa, nyeusi, yenye lenzi ya kuchomoa na mkanda mpana wenye maandishi, na hizi ndogo ni vitu vya kuchezea. Vijana wanaotaka kuanza upigaji picha huniuliza wanunue kamera gani, na kabla sijafungua mdomo wameshataja mbili tatu, zote za kubebwa kwa begi la mgongoni. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Imani hiyo ni ya uongo, imewapotezea watu fedha, na kibaya zaidi imewapotezea picha.

Na mimi nimo. Miaka kadhaa iliyopita nilidunduliza nikanunua bodi ya kamera na lenzi mbili. Kwa asiyejua uzito wa mambo haya: Canon EOS 5D Mark IV ina gramu 890 ikiwa na betri na kadi. Ukiifunga lenzi ya kazi ya milimita 24 hadi 70, ile ya f/2.8, unaongeza gramu 805. Hizo ni kilo 1.7 shingoni, na bado hujaweka lenzi ya pili, fleshi wala chaja. Yangu ilikuwa ndugu yao wa karibu. Wiki ya kwanza nilikwenda nayo mpaka dukani kununua mkate. Mwezi wa pili nikaanza kujihoji mlangoni: daladala itajaa? Mvua je? Nikirudi usiku, vibaka? Kufikia mwezi wa sita ilishapata makazi ya kudumu, rafu ya juu ya kabati la nguo, nyuma ya mashuka ya wageni.

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka lenzi kabatini Dar es Salaam. Siku nilipoishusha kwa ajili ya Idi, niliielekeza dirishani nikaona ndani ya kioo nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni, kama utando wa buibui aliyekosa haraka. Ukungu. Joto, unyevu wa pwani, giza na begi lililofungwa zipu, hicho ndicho chakula chake. Fundi alinitajia bei ya kuifungua na kuisafisha, nikacheka kwa adabu, nikaaga.

Lakini lenzi siyo iliyoniuma. Iliyoniuma ni asubuhi moja Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilipomwona kijana amebeba mgongoni kioo cha kabati kirefu kuliko yeye mwenyewe. Mwili wake hukuuona, uliona miguu miwili yenye kandambili, na juu yake Kariakoo nzima ikitembea: mama muuza ndizi, mitumba iliyoning'inia, kipande cha anga, na kwa nukta moja sura yangu, mikono mitupu. Nikapapasa simu. Kwenye skrini kulikuwa na jina la mtu wa ofisini akipiga. Nilipomaliza kuikata, kioo kilishakunja kona. Kamera ya maana ilikuwa nyumbani ikiliwa na ukungu.

Watu husahau kwamba kamera ya mfukoni haikubuniwa kwa ajili ya watoto. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu na alipenda kutembea milimani. Nyingi ya kamera za kazi za zama zake zilikuwa masanduku yenye kutumia mabamba ya vioo, mzigo wa kumkata pumzi hata mzima. Kuelekea mwaka 1914 akatengeneza kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani, kikitumia filamu ya sinema, kila picha ikiwa na milimita 24 kwa 36. Vita ikachelewesha mambo, na kamera hiyo ikaonyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, kwa jina la Leica. Sasa tazama kejeli hii: kipimo kile kile cha 24 kwa 36, kilichozaliwa kwa sababu ya udogo, ndicho leo wauzaji wanakiita kipimo kamili, na wamekijengea kamera ambazo Barnack asingefika nazo nusu ya mlima.

Hapa kwetu Afrika mfano bora uko Bamako. Seydou Keïta aliwapiga watu picha studioni kwake kwa kamera kubwa, na kazi yake ni hazina. Hakuwa na haja ya kamera nyepesi kwa kuwa wateja walimfuata yeye. Malick Sidibé aliyekuja baada yake ndiye aliyewafuata watu. Miaka ya 1960, usiku wa Jumamosi, alipanda baiskeli yake kutoka dansi moja hadi nyingine akiwa na kamera nyepesi, akawakuta vijana wa Mali wakicheza twist, jasho likiwatiririka, na alfajiri akarudi kusafisha picha. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Hata Alex Majoli wa shirika la wapiga picha la Magnum, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alifanya kazi Congo na Iraq kwa vikamera vya dijitali vya Olympus vya megapikseli 5, vile ambavyo mjomba angevirudisha bila hata kuvigeuza.

Kwa hiyo swali la kwanza si kamera gani. Je, watu wanakufuata au unawafuata? Mwenye studio, mpiga picha wa mpira pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, anayesubiri duma Serengeti, hao wana haki ya kubeba chuma na siwagombezi. Lakini mwalimu, muuguzi, dereva, mwanafunzi, mtu anayetaka kuyapiga picha maisha yake jinsi yanavyokwenda, yeye ni Sidibé, na anauziwa vifaa vya Keïta.

Tena kamera kubwa hubadilisha kile inachokitazama. Ielekeze kwa mzee anayecheza bao uone: atanyoosha mgongo, atafunga mdomo, atakupa sura ya paspoti. Mwingine atauliza unalipa shilingi ngapi, na askari wa karibu atataka kibali. Ndogo haiwashtui. (Hiyo si ruhusa ya kuiba sura za watu. Omba, ila ukishakubaliwa, wanaendelea na bao lao.)

Najua jibu linalokuja: si kuna simu? Lipo na lina uzito. Viwanda vya Japani vilisafirisha zaidi ya kamera ndogo milioni 100 mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu ndiyo iliyoziua, na nyingi zilistahili kufa, maana ndani hazikuwa na cha kuizidi simu. Lakini simu ni kamera ambayo bosi wako anaweza kuipigia, kama alivyonipigia mimi kile kioo kikipita. Ni kamera inayozimika ukiwa unaihitaji kulipia nauli. Na ukiitoa dirishani mwa daladala kupiga barabara, kuna kijana wa bodaboda atakayeimalizia safari.

Kilichobaki sokoni baada ya mauaji hayo ndicho cha kutazamwa, na cha kutazama ni sensa. Si ile ya watu na makazi. Nasema kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwenye kamera ndogo za bei rahisi za zamani kilikuwa na takriban milimita 6.2 kwa 4.6, kama punje ya hindi. Sony RX100 ya mwaka 2012 ilikuja na 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne, katika bodi ya gramu 240. Ricoh GR III ina 23.5 kwa 15.6, zaidi ya mara kumi ya ile punje, na pamoja na betri na kadi ina gramu 257. Ukubwa huo wa sensa ndio uliomo, kwa karibu kabisa, katika nyingi ya zile kamera kubwa wanazonunua wanaoanza. Inawezekana kabisa kwamba bosi wa Tabata na mimi mwenye kamera ya watoto tulikuwa na sensa sawasawa.

Zina kasoro, sitawadanganya. GR III haina zumu wala fleshi, betri yake huisha mapema kama pesa ya mwisho wa mwezi, na vumbi likishaingia ndani halitoki kwa kupuliza. RX100 ina zumu, lakini bomba la lenzi linalotoka na kuingia ni mlango wa vumbi. Mkazi wa Dodoma alijue hilo. Fujifilm X100VI, inayosifiwa kila kona, ina gramu 521 na haingii mfuko wowote ninaoujua. Hiyo ni ya kuning'iniza watu wakuone, yaani tumerudi pale pale kwa mjomba. Na ukikuta kamera mpya ya bei ya kutupa imeandikwa megapikseli 48 kwa herufi za dhahabu, ujue namba imetiwa chumvi, wala usipoteze nauli.

Ukienda kununua, vaa suruali ya kazini. Itie kamera mfukoni, kisha kaa chini kama unavyokaa kwenye daladala. Ikikuchoma paja, itabaki nyumbani. Dada zangu, ambao mafundi cherehani wamewanyima mifuko, ijaribuni kwenye kipochi cha kila siku, si kile cha harusini. Kisha itoe kwa mkono mmoja, iwashe, piga, huku unahesabu. Ukifika tatu kabla picha haijapigwa, mrudishie muuzaji. Waweza kununua iliyotumika. Kagua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, mimi nimeshalipa ada ya somo hilo.

Yangu kubwa naiuza. Bodi nzima, chaja ipo, begi kama jipya, lenzi mbili, moja ina ukungu kidogo upande wa kushoto. Bei maelewano.