MKONO WA MTOTO SI KAMBA



Kwetu Katanga baiskeli tunaiita kinga. Katika Kiswahili cha vitabu, kinga ni kitu kinachozuia ubaya usimfikie mtu. Leo nataka tuongee juu ya kinga isiyokuwa na kinga yoyote: ile tunayopakia nyuma ya kamionete siku ya Jumamosi asubuhi, tukienda shamba.

Jambo hili mnalijua. Jamaa nyingi za wafanya kazi zina shamba la mahindi au la mihogo, kwa sababu mshahara peke yake haufikishi watoto mwisho wa mwezi. Shamba liko mbali, kilometa 30 au 40. Kamionete inafika mpaka kwenye mto mdogo, halafu njia inakuwa nyembamba na motokari haipiti tena. Kuanzia hapo ni kinga inayobeba mbegu na mbolea, na wakati wa mavuno ni kinga inayorudisha mifuko. Ndiyo sababu tunapakia kinga tatu, nne au tano juu ya kamionete moja. Hakuna ubaya katika kupakia. Ubaya uko katika namna ya kuzishika.

Tunazishika namna gani? Tunazilaza moja juu ya nyingine, tunapitisha kipande cha mpira wa ndani uliokwisha kuchakaa, kisha tunamwita kijana: «Wewe, panda nyuma, shika kinga zisianguke.» Na kijana anapanda akifurahi, kwa sababu huko nyuma kuna upepo.

Mimi pia nilisema maneno hayo. Ilikuwa mwaka 2016, mwezi wa 8, kwenye barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi. Mwipwa wangu, mtoto wa miaka 14, alikaa nyuma akiegemea kabini, kinga tano mbele yake. Mwendo haukuwa mkubwa, kilometa 60 kwa saa. Mbuzi akatoka majanini, nikakanyaga breki. Kamionete ilisimama vizuri, mbuzi akapita. Lakini kinga hazikusimama. Zote tano ziliteleza mbele pamoja, na mkono wa kuume wa mtoto ukabanwa katikati ya usukani wa kinga na bati la kabini. Alilia mara moja tu, kisha akaniuliza: «Mjomba, kinga yako haikuvunjika?»

Kinga yangu haikuvunjika. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Ulipona, lakini mpaka leo haufungi ngumi sawasawa. Dada yangu hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Sasa tuulizane kama watu wa kazi. Kazini, chupa ya oksijeni inafungwa kwa mnyororo hata kama imesimama tu ukutani. Kazini, hakuna kapita atakayemruhusu mtu kukaa juu ya mabomba yanayosafirishwa ili ayazuie kwa mikono. Tukiona hivyo tutapiga kelele wote. Lakini tukitoka mlangoni na kuvua kofia ya chuma, tunamweka mtoto wetu mahali ambapo hatungekubali kuwekwa sisi wenyewe. Je, kilo za kazini ni nzito kuliko kilo za nyumbani?

Tuhesabu kidogo. Kinga yetu ya kawaida, ile ya chuma yenye kiti cha mizigo nyuma, ina uzito wa karibu kilo 20. Kinga tano ni kilo 100. Huko Ulaya, kanuni ya kufunga mizigo juu ya kamyo inasema kamba zinapaswa kuzuia sehemu 8 kati ya 10 za uzito wa mzigo usiende mbele, na nusu ya uzito usiende pembeni wala nyuma. Maana yake, kwa kinga tano, breki kali inataka kitu chenye nguvu ya kuzuia kilo 80. Ni mtoto gani wa miaka 14 atakayezuia kilo 80, na yeye mwenyewe anasukumwa mbele wakati uleule? Hata baba yake hawezi.

Na kinga ikianguka barabarani? Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kitu kinachotoka juu ya motokari kina nguvu ileile kama kimeangushwa kutoka juu meta 14, yaani juu ya nyumba ya orofa nne. Kwa kilometa 80 ni meta 25. Fikiri juu ya mtu wa pikipiki anayekufuata nyuma, au mchoma makala anayesukuma kinga yake na mifuko pembeni ya barabara. Yeye hakupakia kitu chako. Kwa nini apokee yeye?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwenye kamionete anayebeba kinga mara kwa mara anunue au atengenezeshe kibebeo, yaani chuma cha kushikia kinga. Na akichagua, asiangalie kwanza bei wala rangi. Ajiulize swali moja tu: «Nyuma kusipokuwa na mtu, na nikikanyaga breki kwa nguvu zote, kinga zitabaki mahali pake?» Kibebeo kinachohitaji mkono wa mtu si kibebeo.

Tuangalie aina zinazoonekana.

Aina ya kwanza ni kibebeo cha nyuma kabisa, kinachofungwa kwenye chuma cha kukokotea. Wageni wengi wanakipenda, na kwenye lami nzuri kinafaa. Kwetu kina matatizo matatu. Kinaficha taa za nyuma na namba ya motokari, na usiku dereva wa kamyo ya shaba hataona kama unafunga breki. Kinaning'inia chini, na kwenye mashimo kinapiga udongo. Tena uzito wote unakaa mbali nyuma, kwa hiyo kila shimo linautikisa kama nyundo. Ukikitaka, soma kwanza uzito ulioandikwa kwenye chuma cha kukokotea, na uhesabu uzito wa kibebeo chenyewe pamoja na kinga.

Aina ya pili ni kile cha kushika uma wa mbele. Gurudumu la mbele linaondolewa, na uma unabanwa kwenye chuma ndani ya karoseri. Kinashika vizuri sana. Lakini kimefanywa kwa kinga za mashindano, ambazo gurudumu lake linatoka kwa kuvuta mkono mdogo. Kinga zetu zina nati, zinataka ufunguo kila mara, na uma wake pengine haulingani na kibanio. Nati moja ikipotea majanini, mama atarudi kwa miguu. Na aliyerudisha gurudumu kwa haraka bila kukaza atalijua kosa lake kwenye mteremko.

Aina ya tatu ni godoro dogo au turubai nene linalovikwa juu ya mlango wa nyuma. Gurudumu la nyuma linakaa ndani, la mbele linaning'inia nje, na kila kinga inafungwa kwa mkanda wake. Ni rahisi, na kwa kamionete ya kabini mbili linafaa, kwa sababu karoseri yake ina urefu wa karibu meta 1 na nusu, na kinga yetu inakaribia meta 1 na sentimeta 90. Lakini angalia kwanza komeo la mlango wa nyuma. Kama limelegea na linafungwa kwa waya, usiweke kilo 100 juu yake. Na wakati wa vumbi, futa mchanga chini ya turubai, kwa maana mchanga unasugua rangi kama msasa.

Aina ya nne ndiyo ninayoitumia leo, na kwa kamionete ya kabini moja naiona bora kwetu. Ni bomba la chuma linalokaa upana wote wa karoseri, nyuma tu ya kabini, limefungwa kwenye sakafu kwa buloni. Juu yake kuna vyuma vilivyopindwa, viwili viwili, vikiacha nafasi ya sentimeta 5 ya kuingiza gurudumu la mbele. Vyuma vipande juu mpaka sentimeta 40 hivi, ili vipite kitovu cha gurudumu na kinga isilale pembeni. Hakuna kitu cha kufungua, na kinga zinasimama wima. Na jambo kubwa ni hili: ukifunga breki, gurudumu linasukuma bomba, na bomba linasukuma buloni. Kilo 80 zinakwenda kwenye chuma, si kwenye mkono wa mtu.

Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Lakini mwambie mambo mawili. Kabla ya kutoboa sakafu, alale chini aangalie kama hapo hapapiti bomba la breki, nyaya au tangi la mafuta. Na kazi ya kuchomelea aifanye pembeni, kibebeo kikiwa kimetolewa kwenye motokari, kisha akifunge kwa buloni zenye vipande vya bati pana chini, zisirarue sakafu.

Najua mtakayosema. «Mzee, chuma ni pesa.» Ni kweli. Lakini tuhesabu kwa pande zote. Kinga moja iliyopinda uma na magurudumu ni pesa pia, na mkono wa mtoto hauuzwi sokoni. Majirani watatu wanaotumia kamionete moja wanaweza kuchanga. Na hapa nawaomba: chuma kisitoke kwenye yadi ya kampuni bila karatasi. Usalama hauanzi kwa wizi.

Wengine watasema: «Lakini watu wa nyumbani watapanda wapi, kama si nyuma pamoja na kinga?» Hili ni swali gumu kuliko la pesa, na silijibu kwa kucheka. Wengi wetu tuna kamionete moja, na kabini haitoshi watu wote. Jibu langu ni kwenda mara mbili. Safari ya kwanza watu walio kabini pamoja na kinga. Safari ya pili watu waliobaki, au hao wachukue basi mpaka njia ya shamba. Inakula mafuta na saa nzima ya asubuhi. Nimeifanya tangu mwaka 2016, na shamba halikukimbia.

Sasa, kabla ya kuondoka Jumamosi, fanya hivi:

1. Pima karoseri na kinga kabla ya kununua chochote. Usiamini macho.

2. Pakia kinga moja ikitazama mbele na nyingine ikitazama nyuma, ili mikono ya usukani isigongane. Zile zinazotazama nyuma, gurudumu lake la nyuma ndilo linaloingia kwenye vyuma, na pedali zisikaribie kioo cha kabini.

3. Funga kila kinga kwa mkanda wake, kwenye fremu, si kwenye usukani wala kwenye kiti. Mkanda mmoja kwa kinga zote ukikatika, zote zinaondoka.

4. Acha mpira wa ndani wa zamani. Unavutika, na jua linaupasua. Kamba ya katani nayo inalegea. Mkanda bapa wenye kibanio cha chuma ni bora.

5. Toa pampu, jembe, dumu na kila kitu kilichofungwa kwenye kinga. Hivyo ndivyo vinavyoruka kwanza.

6. Simama baada ya kilometa 5, shuka, tikisa kila kinga kwa mkono. Kaza tena. Simama tena ukitoka kwenye lami kuingia udongo.

7. Nyuma kusiwe na mtu. Hata mmoja, hata kwa kilometa mbili.

Ndugu zangu, katika mgodi tumejifunza kwamba jiwe halina huruma na halijui jina la mtu. Barabara ni hivyohivyo. Mwipwa wangu sasa ni kijana mkubwa, na kila tukienda shamba anakagua yeye mwenyewe mikanda, kwa mkono wa kushoto. Akimaliza ananiambia: «Mjomba, twende.» Mpaka aseme hivyo, siwashi motokari.

Mama wa nyumba, ninyi ndio wakaguzi wa mlangoni. Mkiona mtoto ameambiwa apande nyuma kushika kinga, mshusheni, hata kama bwana amekasirika. Hasira itaisha kabla ya kufika mtoni.