Pesa Zimfuate Kijana, Zisibaki Bomani

Ukifika Busia asubuhi hutakosa kuwaona watu wenye ulemavu wakiendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa, wakielekea Uganda au wakirejea. Kwa miaka mingi kazi hii ya mpakani imewalisha watu wasioweza kutembea. Hawa hawaombi, wanachuma. Je, serikali inayotoa ruzuku kwa wenye ulemavu inawatambua?

Tangu mwaka wa 2011 Kenya imekuwa na mpango wa pesa kwa watu wenye ulemavu mkali, ambao sasa ni sehemu ya Inua Jamii. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 70 kwa siku. Ili kupewa, familia sharti iwe maskini sana, naye mwenye ulemavu awe mtu wa kuhudumiwa saa zote: kulishwa, kupelekwa msalani, kulindwa asidhurike. Pesa hupokelewa na mlezi wake.

Sina ugomvi na walezi. Mama anayeacha shamba ili amgeuze mwanawe kitandani anastahili hata zaidi ya hizo. Lakini mpango huu unamwona mwenye ulemavu kama mtu wa kukaa nyumbani maisha yake yote. Chukua mfano wa kijana wa Budalang'i au Amukura aliyepooza miguu. Akitimu miaka 20 anataka kujitegemea kama ndugu zake, kwa hivyo anahamia Busia au Malaba na kupanga chumba. Kwa kuwa anajilisha na kujiosha, haitwi tena mlemavu wa kiwango cha ruzuku. Na hata kama jina lake lilikuwa limeandikwa, pesa ziko kwa mlezi kijijini, ilhali kodi ya nyumba inamngoja yeye mjini.

Utauliza: anayefanya kazi anahitaji ruzuku ya nini? Nikujibu kama daktari. Ulemavu una gharama ambazo mimi na wewe hatuzijui. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi makalio yake. Akikaa saa nyingi bila kujiinua, ngozi hukosa damu, hufa, na kidonda huanza bila maumivu yoyote. Anahitaji mto maalumu wa kukalia. Asiyeweza kukojoa mwenyewe anahitaji mipira ya mkojo na maji safi, la sivyo maradhi hupanda hadi kwenye figo. Anayezungusha pedali kwa mikono huchakaza mabega yake, na hayo mabega ndiyo miguu yake.

Asipokuwa na akiba, kijana huyo hataacha kazi kidonda kikiwa kidogo kama sarafu, kwani akipumzika leo hatakula leo. Atakuja hospitalini kikiwa kimefika kwenye mfupa. Hapo atalazwa kwa miezi, na gharama ya kumtibu itazidi mno ile ya mto na ruzuku ambayo ingemwezesha kupumzika wiki mbili.

Tena kazi yenyewe haina uhakika. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kuruhusiwa. Aliyetegemea kuvuka kila siku kwa baiskeli yake alibaki mikono mitupu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 54 kinataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Heshima ipi hii, ikiwa kuondoka nyumbani kunageuka kuwa kosa? Afrika Kusini, ruzuku ya ulemavu hulipwa mtu mzima mwenyewe. Uingereza nayo, tangu 2013, ina malipo ya kugharimia ulemavu ambayo hayakatwi kwa sababu mtu anafanya kazi.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, aliyetimiza miaka 18 na anayeweza kuamua mambo yake alipwe kwa jina lake, popote anapoishi. Pili, tupime gharama ya ulemavu, si kama mtu anaweza kujilisha tu. Tatu, kazi ndogo ya mpakani isimnyime msaada.

Nawe msomaji, ikiwa una ndugu wa namna hii, mhimize apimwe katika hospitali ya serikali inayofanya tathmini ya ulemavu na kujiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hakumbukwi bajeti inaposomwa. Kisha mwulize mbunge wako swali moja: kijana anayejitahidi kusimama kwa mikono yake, mbona tunamsubiri aanguke ndipo tumsaidie?