Mwenyeji wa Lamu Atapona Lini?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, Mfunguo Sita unapowadia na wageni wa Maulidi kumiminika Lamu, mwenyeji ndiye huanza kuugua. Magari ya wageni hao, kwa bahati njema, hukomea Mokowe, ng'ambo ya bahari. Abiria huvuka kwa mashua. Tatizo ni bodaboda zilizopenya katika mji uliojengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na punda, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Ulimwengu mwaka wa 2001. Katika vichochoro ambamo punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu, pikipiki humwondoa mzee barazani na mtoto mlangoni.

Watetezi wake hudai kuwa vijana wanahitaji riziki na wagonjwa wanahitaji usafiri. Hoja hizo zina mashiko. Basi bodaboda zipewe vituo nje ya mji mkongwe. Ndani wabakie hamali na punda, na pikipiki ziruhusiwe kwa wagonjwa pekee. Baraza zikihamwa, mazungumzo yaliyoilea lahaja ya Kiamu yatakosa makao.