Mabaroni Hawakuwa Watetezi wa Wanyonge

Kila nisahihishapo insha za historia hukutana na sentensi moja iliyovaa nguo mbalimbali: kwamba mwaka 1215 mabaroni wa Uingereza walimshinda Mfalme John, wakawapatia Waingereza wote uhuru. Sentensi hiyo ni tamu, ni fupi, tena hukaririka upesi. Lakini si kweli. Na mwanafunzi aipokeaye bila kuipima hujizoeza kumshukuru kila mwenye nguvu agombanaye na mwenye nguvu mwenzake. Nia yangu hapa ni kuipinga.

Simtetei John. Alitawala tangu 1199 hata 1216, na dhuluma zake hazifichiki. Mwaka 1204 alinyang'anywa Normandy na mfalme wa Ufaransa, na kwa tamaa ya kuirudisha aliwakamua raia zake. Mara kwa mara alitoza kodi ya ngao, yaani fedha iliyolipwa na mwenye ardhi badala ya kwenda vitani. Aliyetaka kurithi ardhi ilimpasa kulipa ada kadiri mfalme apendavyo: mwaka 1205 Nicholas de Stuteville alidaiwa marki 10,000, yaani zaidi ya pauni 6,600, ili apate ardhi ya ukoo wake mwenyewe. Kisha mwaka 1214 majeshi ya marafiki wa John yalivunjwa huko Bouvines, na fedha zote zile zikawa zimepotea bure. Hapo ndipo mabaroni, yaani mabwana wakubwa wa ardhi, walipoinuka.

Swali langu ni hili: waliinuka kwa ajili ya nani? Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi tuitazame hati yenyewe, Magna Carta, iliyotiwa muhuri Runnymede, kando ya mto Thames, mwezi wa Juni 1215. Kifungu cha kwanza chahusu Kanisa. Cha pili je? Ada ya urithi! Tangu siku ile mrithi wa baroni asilipe zaidi ya pauni 100. Vinavyofuata vyahusu mayatima wenye ardhi, wajane wenye ardhi, na madeni ya wenye ardhi. Haihitaji hekima nyingi kujua ngozi ilivutwa upande gani.

Mtaniambia: mbona kifungu cha 39 chakataza mtu huru asifungwe wala asinyang'anywe mali yake, ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi? Naam, ni kifungu kizuri. Lakini wekeni kidole juu ya maneno mawili: mtu huru. Sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza wakati ule hawakuwa watu huru. Walikuwa watwana waliofungwa na ardhi ya bwana. Hawakuweza kuihama pasipo ruhusa yake, na walimlimia siku kadha kila juma bila ujira. Mtwana akionewa kazini, shauri lake lilisikilizwa katika baraza la bwana yule yule. Ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Mtwana hutajwa katika kifungu cha 20, ambacho chamkataza mfalme asimtoze faini ya kumwondolea njia ya kulima. Je, hiyo ndiyo huruma? Asiyeweza kulima hawezi kumlimia bwana. Mfugaji amkatazaye jirani kumkamua ng'ombe wake hamhurumii ng'ombe, ayalinda maziwa. Kweli, kifungu cha 60 chawataka mabaroni wawatendee watu wao kama mfalme alivyoahidi kuwatendea wao. Lakini nani aliwekwa kuilinda ahadi hiyo? Ili kumchunga mfalme waliteuliwa walinzi 25, wenye idhini ya kuziteka ngome zake akivunja neno. Ili kuwachunga mabaroni hakuteuliwa hata mmoja.

Nao uzalendo wao ulikuwa wa namna gani? Mwezi wa Agosti 1215, kwa ombi la John, Papa Innocent III aliitangua hati. Mabaroni wakamwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje kuitwaa taji ya Uingereza! Vita vikaenea, majeshi yakachoma na kupora, na mkulima ambaye hakualikwa Runnymede akalipa gharama ya ugomvi usio wake.

Je, hati hiyo haina thamani? La, sisemi hivyo. Nasema kwamba wema wake haukutoka katika nyoyo za walioidai kwanza. Ulitoka kwa watu waliokataa kuisahau. John alipofariki Oktoba 1216, washauri wa mwanawe Henry III, mtoto wa miaka 9, waliitoa upya ili kuwavuta watu upande wao. Mwaka 1225 ilitolewa tena, na mfalme akapewa kodi ya sehemu moja katika 15 ya mali zinazohamishika. Mwaka 1354, katika enzi ya Edward III, sheria ikatamka kuwa ulinzi ule ni wa kila mtu, awe wa hali yoyote. Kutoka mtu huru hata kila mtu ilipita miaka 139.

Tena maneno ya sheria peke yake hayakutosha. Mwaka 1381 wakulima waliinuka wenyewe, wakadai utwana ukomeshwe. Mfalme Richard II aliwaahidi, kisha akaivunja ahadi, na Bunge lililojaa wenye ardhi likamuunga mkono. Siku ile wajukuu wa mabaroni hawakumkumbusha mfalme kwamba ahadi ni deni.

Enyi wanafunzi, msomapo habari za wakubwa wagombanao, msiulize tu nani alishinda. Ulizeni nani aliandika masharti, na nani hakuitwa yalipokuwa yakiandikwa. Mkikuta katika hati ya wakubwa neno lililo jema, lishikeni kwa mikono miwili, nanyi mdai liwafikie wote. Hiyo ni haki yenu. Lakini msimshukuru mwamba ngoma kwa ngozi aliyoivutia kwake.